Rafu ya Karibu na Mlango

Watu wa Biharamulo wakitaka kuniudhi hunikumbusha kwamba duka langu liliua mtu. Zamani nilikuwa nikiwarudishia maneno makali kuliko yao. Siku hizi nawaacha waseme, maana wamekosea kidogo tu. Si duka lililoua. Ni mimi, Semeni binti Halfani, nikiwa nimesimama nyuma ya kaunta na akili zangu timamu, mdomo nimeufumba.

Duka lilikuwa la baba. Alitoka Pangani akiwa kijana, akauza shanga, akauza kanga, akauza chumvi, mwisho akaangukia vitabu, na kila mtu akasema amerogwa. Nani atanunua kitabu Biharamulo? Lakini baba alikuwa mtu wa kutazama watu. Aliona kwamba mteja wa huku hajui jina la kitabu wala la aliyekiandika, na ukimuuliza anataka kipi anaona umemdhalilisha mbele ya wenzake. Anachokijua ni shida yake. Basi baba akapanga rafu kwa shida za watu. Rafu ya Shule ilikuwa ukuta wa kulia, madaftari chini, vitabu juu, darasa la kwanza mpaka la saba. Ikafuata ya Shamba, yenye vijitabu vya pamba na ufugaji wa kuku. Ya Sala aliigawa katikati, Wakristo upande huu na sisi Waislamu upande ule, na padri na shehe wakalalamika wote wawili, kwa hiyo akajua amepatia. Ya Kesi ilikuwa na vijitabu vya sheria ya ardhi na ya ndoa. Hiyo ilichakaa upesi kuliko zote, maana watu walisoma palepale wakarudisha.

Ya mwisho ilikuwa ya Msiba. Hiyo aliiweka peke yake karibu na mlango, chini ya dirisha, ili mfiwa asilazimike kupita katikati ya watu. Palikuwa na vijitabu vya kuombea marehemu vya dini zote mbili, mishumaa, utepe mweusi, na madaftari ya kuandika majina ya waliokuja kuhani. Mfiwa hakutakiwa kusema neno. Aliingia, akaigeukia rafu, akawapa watu mgongo, akasimama. Waliokuwamo walinyamaza. Wanaume walivua kofia. Shaban fundi cherehani, aliyekuwa akishona barazani kwetu, alitoa mguu kwenye pedeli. Baba alimfuata mtu wake palepale, akamsikiliza kwa kunong'ona, akamfungia alichotaka ndani ya gazeti, naye akatoka.

Hakuna aliyemuuliza amefiwa na nani. Kuuliza kulikuwa kumtonesha mtu kidonda. Ila kama ulikuwapo dukani na unatoka kijiji kimoja naye, ulikuwa na wajibu: utangulie nyumbani, uwaambie watu taratibu, ili mfiwa akifika akute majani yameshatandikwa uani na wanawake wameshakaa. Watu wa nje waliona ni ajabu. Mimi nilikua nikiona ndivyo ulimwengu ulivyo.

Baba alifariki mwaka wa sabini na sita. Mimi nilikuwa nimeshaachika mara moja na sina hamu ya mara ya pili, nikabaki na duka.

Vita ilipokuja, mwisho wa mwaka wa sabini na nane, tuliiona kwanza kwa magodoro. Watu walipita kutoka kaskazini, godoro kichwani, sufuria mkononi, mtoto mgongoni, wakiuliza njia ya kwa ndugu ambao labda hawakuwapo. Kisha malori yakatoweka barabarani, yakachukuliwa kwenda mbele. Kisha vijana. Mgambo waliokuwa wakifanya gwaride na magongo uwanjani wakaitwa, wakapanda magari wakiimba, na mama zao wakabaki wamesimama hadi vumbi likatua. Mimi kwa wiki kadhaa niliuza mishumaa kuliko madaftari. Nilikaa kutwa nikiitazama ile rafu ya karibu na mlango, na sitaki kudanganya, niliichukia.

Ndiyo maana Bwana Pancras alipokuja Januari na jalada lake kwapani sikubishana naye sana. Alikuwa mkaguzi wa vitabu na madarasa ya kisomo cha watu wazima, mtu mpole, suruali imepigwa pasi ikakatika magotini. Alisimama mlangoni akatikisa kichwa.

"Dada Semeni, vita hii tunashinda. Kwa nini mtu akiingia dukani apokewe na kifo?"

"Ndivyo baba alivyopanga."

"Mzee alipanga wakati wa amani. Sasa hivi hapa panatakiwa karatasi za barua na bahasha. Vijana wetu wako porini, wanasubiri neno kutoka nyumbani. Hiyo misiba ipeleke nyuma."

Nilihamisha kwa asubuhi moja tu. Vitu vya msiba nikavipeleka nyuma kabisa, karibu na mlango wa stoo, na vifaa vya barua nikavileta chini ya dirisha. Halafu nikafanya jambo ambalo baba hakulifanya hata siku moja: nikaandika. Nilichukua kipande cha boksi na wino mwekundu, herufi kubwa: VIFAA VYA BARUA. WAANDIKIENI VIJANA WETU. Nikakipigilia misumari, nikajisifu.

Wa kwanza kunicheka alikuwa Gaspari wa Nyantakara. Huyu alikuja kila siku ya gulio na baiskeli yake imening'inizwa kuku vichwa chini, na akishauza alikaa barazani kwetu na Shaban mpaka jua lipoe. Gaspari hakusoma. Kengele ya kisomo ikilia kijijini alikuwa na jambo la haraka shambani, mwaka mzima, mpaka walimu wakamchoka. Alilitazama boksi langu huku na huku.

"Binti Halfani, umetundika nini hapo? Baba yako hakuwa na mambo haya. Sisi tunajua mahali, hatujui makaratasi."

Watu wakacheka. Mimi na ulimi wangu nikamjibu, "Hata ng'ombe anajua mahali, Gaspari."

Wakacheka zaidi, na safari hii kicheko hakikuwa chake. Alivaa kofia yake ya ukindu akaondoka bila kuaga. Kuanzia siku hiyo alikuwa akikaa barazani lakini hanisemeshi, nami simsemeshi. Nilijiambia nimemkomesha.

Tena nilikuwa nimeshaonywa. Mara tatu kati ya Januari na Machi mfiwa aliingia akaenda kusimama mbele ya bahasha, kwa mazoea, nami nikatoka nikamshika mkono nikampeleka nyuma. Mtu mwenye busara angeirudisha rafu siku ya kwanza. Mimi niliona watu watazoea.

Zita aliingia siku ya gulio, katikati ya Machi. Alikuwa mke wa Ildefonce, kijana wa Nyantakara aliyechukuliwa pamoja na mgambo wa kwanza kabisa. Nilimfahamu Zita kwa sababu alinunua kwangu vitabu vya kisomo vyote, hatua kwa hatua, na alipofaulu mtihani wa mwaka wa sabini na saba aliniletea maharage mabichi kikapu kizima, kana kwamba mtihani nilifanya mimi. Ildefonce alikuwa mtoto pekee wa mama mjane, Marsiana, na wanawake hao wawili walikaa nyumba moja wakilima pamoja na kumngoja.

Aliingia, hakusalimia mtu. Alisoma boksi langu, nikaona midomo yake ikifuata herufi, akaigeukia rafu ya karibu na mlango akawapa watu mgongo. Akasimama. Mabega yakaanza kumtikisika.

Duka likanyamaza. Cherehani ya Shaban ikakoma. Nilitoka nyuma ya kaunta, nikamfikia.

"Zita, mdogo wangu. Pole. Njoo nyuma huku."

Akanigeuzia uso. Ulikuwa umelowa machozi, lakini ulikuwa unacheka.

"Dada Semeni," akaninong'oneza, "nimepata barua. Nimetoka kuichukua posta sasa hivi. Nimeisoma mwenyewe. Yote. Hakuna aliyenisaidia hata neno."

"Ya Ildefonce?"

"Mzima. Anasema ana mafua tu." Akaziba mdomo kwa ncha ya kitenge. "Nipe karatasi na bahasha mbili. Lakini polepole, wale wawili pale kwenye madaftari ni wake za wanajeshi, wao hawajapata kitu. Nitaona haya."

Nikamwambia aandike hapahapa, nitamtilia posta. Akakataa. Alitaka aandike nyumbani, mama mkwe akiwa ubavuni, aseme salamu zake kwa mdomo wake naye azitie kwenye karatasi. Nikamfungia karatasi ndani ya gazeti zisichafuke na vumbi la njiani. Akalikumbatia lile gazeti kifuani, akatoka ameinamisha kichwa. Alikuwa anakwenda kwa shangazi yake Restuta, upande wa misheni, angojee lori la kwenda Nyantakara.

Hapo ndipo nilipomwona Gaspari. Alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi, macho chini. Nilimwona, na nilielewa mara moja. Gaspari alikuwa ameona mahali, hakuona maandishi. Angepanda baiskeli jioni ile ile afike Nyantakara awaambie Ildefonce amekufa.

Nilihitaji kufungua mdomo tu. Zita alishatoka, wale wanawake wawili walikuwa wamekwisha kurudi kwenye madaftari yao, ningeweza kumsogelea Gaspari nikamwambia sikioni. Na neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Lakini nikamkumbuka akinichekea boksi langu mbele ya watu, nikasema moyoni: nenda. Nenda na ujinga wako. Zita atafika nyuma yako na barua mkononi, kijiji kizima kitakucheka, na kesho yake utakuja mwenyewe kuandikishwa kisomo. Nilimtazama akifunga kikapu nyuma ya baiskeli, na nakiri kwamba nilikuwa natabasamu.

Baba alikuwa akipenda kusema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Hakuniachia methali yoyote ya mtu ambaye ulimi wake haukutoka kabisa.

Lori la kwenda Nyantakara halikupatikana siku ya pili wala ya tatu. Mimi sikujua. Nilipanga madaftari, nikauza penseli, nikamsahau Gaspari, ila siku mbili tatu nilijiuliza mbona haji kuchekwa.

Alikuja siku ya kumi na mbili. Aliingia akaenda moja kwa moja akasimama chini ya dirisha, mgongo kwa watu. Nilidhani ananirudishia utani.

"Unataka bahasha, Gaspari?" nikamuuliza kwa sauti.

Akageuka polepole.

"Semeni, hata msibani? Nimetumwa kitabu cha kumwombea Ildefonce. Cha yule katekista kimelowa mvua."

Nikamuuliza, Zita hakufika? Akasema alifika, siku ya nne, kwa lori la mbegu. Alikuta uani kumejaa watu. Alipoona vile, akaanguka palepale langoni, na wakambeba ndani.

"Na hakusema kitu?"

"Aseme nini? Mtu amefiwa na mumewe umwulize maswali?"

Nikaelewa yote, hatua moja baada ya nyingine, nami sikuwa na pa kukaa. Wao walidhani Zita amepata taarifa mjini. Zita akawakuta wanalia, akadhani taarifa imefika kijijini nyuma yake, kwa mwenyekiti au kwa nani. Barua aliyokuwa nayo ilikuwa ya wiki tano; mtu anaweza kufa mara ngapi katika wiki tano. Kila upande ukamstahi mwenzake, hakuna aliyeuliza. Tulifundishwa hivyo, na baba yangu alikuwa mmoja wa waliotufundisha.

"Na mama yake?" nikamuuliza Gaspari.

"Yule bibi hali kitu. Tangu siku niliyofika. Uji anautema, anakunywa maji tu. Wazee wa ukoo walizika gogo la mgomba badala ya mwili, wakadhani akishaona kaburi atatulia. Alipoona kaburi ndipo alipolala kabisa."

Nikamwambia. Nilimwambia mbele ya Shaban na mbele ya wateja, kwa sauti, kwamba Zita alinunua bahasha, kwamba Ildefonce aliandika ni mzima, na kwamba mimi nilimwona yeye akivua kofia nikanyamaza kwa makusudi. Gaspari alikaa chini sakafuni katikati ya duka. Hakunitukana. Alisema tu, "Mimi ndiye niliyewaambia," akarudia mara nyingi, mpaka Shaban akaja akamwinua.

Malori hayakuwapo. Alfajiri ya pili yake nilipanda kwenye kerea ya baiskeli ya Gaspari, mimi binti Halfani na buibui langu, kikapu cha kuku tumekifungua tukakiacha barazani. Mbung'o walituuma kupitia nguo, na kwenye vilima nilishuka nikatembea. Nilikuwa nahesabu siku. Mtu anaweza kuishi kwa maji siku ngapi, nilimuuliza Mungu, na nikamwomba anipe huyu mmoja, halafu afanye nami atakavyo.

Nyantakara ya wakati ule ilikuwa mpya, watu walihamishiwa pale wakati wa operesheni ya vijiji, nyumba zimepangwa mistari miwili mirefu kama nilivyokuwa nikipanga madaftari. Uani kwa Marsiana majani ya matanga yalikuwa yamekauka na kukatikakatika. Nyuma ya nyumba, penye migomba michanga, kulikuwa na tuta la udongo na msalaba wa miti.

Zita alikuwa amenyolewa nywele. Nilimweleza pale mlangoni. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaingia ndani akafungua sanduku, akatoka na barua, na karatasi zangu bado zimefungwa ndani ya gazeti lake.

"Kwa hiyo hakuna aliyeleta taarifa?" akauliza. "Hakuna hata mmoja?"

"Hakuna."

"Basi hatujui kitu. Hatujui kama yuko hai, hatujui kama amekufa."

Nikasema ndiyo. Hata hiyo ilikuwa bora kuliko walivyokuwa, nilidhani. Tukaingia kwa mama.

Marsiana alikuwa amelala ubavu, uso ukutani. Alikuwa amebaki mifupa na macho. Nilimshika mkono nikapiga magoti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe wa nani?"

"Semeni, wa duka la vitabu. Mama, Ildefonce hajafa. Ni makosa yangu. Zita alikuja kununua karatasi za kumwandikia, watu wakadhani ni msiba, mimi nikajua nikanyamaza. Hakuna aliyetuletea habari ya kifo. Barua hii hapa, ameandika ni mzima."

Zita akamsomea barua. Aliisoma vizuri, bila kukwama, mafua na yote. Ildefonce alimsalimu mama yake mara tatu katika ukurasa mmoja. Marsiana alisikiliza amefumba macho, nikadhani tumempata. Gaspari alikuwa amesimama mlangoni, naye akadhani hivyo, maana nilimsikia akimshukuru Mungu.

Kisha yule mama akaupapasa mkono wangu, taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto wa mwenzake.

"Umetoka mbali kuja kunifariji," akasema. "Asante. Wewe una moyo mwema. Lakini usijisumbue, mwanangu. Mimi nimeshamzika. Nimetupa udongo kwa mkono huu."

"Mlizika mgomba, mama!"

"Ndiyo. Barua ni ya siku alipokuwa hai. Nawe Zita, ukisoma, usilie, unaitia maji."

Nilikaa pale siku tatu. Nilibishana naye, nilimwapia kwa Mungu wangu na kwa wake, nilimkasirikia hata nikampandishia sauti, Mungu anisamehe. Nilipika uji kwa mikono yangu. Kila niliposema ukweli alinishukuru kwa uongo mzuri. Angenitukana ningejua ameniamini. Siku ya nne nilirudi mjini kwa miguu nusu ya njia, na baada ya siku sita Gaspari akaja kununua mishumaa. Hakusimama mbele ya rafu yoyote. Alikuja kaunta, akaniambia kwa maneno, "Bibi amefariki."

Zita aliandika barua yake. Aliandika nyingine Aprili, walipotangaza kwamba mji mkuu wa adui umetekwa na watu wakacheza ngoma barabarani. Hakuna iliyojibiwa. Kila siku ya gulio alipita dukani kuuliza kama nimesikia kitu posta, na sikuwa nimesikia kitu. Hakunilaumu kwa maneno. Alikuwa akitazama pembeni ya uso wangu tu, na hadi leo ndivyo anavyonitazama.

Mimi niling'oa lile boksi. Rafu niliiacha tupu, maana sikujua tena kiende kitu gani pale.

Mwezi wa nane, saa nne asubuhi, mtu alipiga hodi mlangoni. Nilikuwa nimeinama nafungua boksi la chaki. Nilipoinuka nikaona suruali ya jeshi, begi la turubai, na uso mweusi uliokonda ambao ilinichukua muda kuutambua.

"Dada Semeni, shikamoo. Umenisahau?"

Nililiacha boksi la chaki. Alicheka, akaweka begi kwenye kaunta. Alikuwa ameshushwa na gari la jeshi asubuhi ile ile, akaambiwa lori la Nyantakara litaondoka saa saba, akaona asubiri kwangu maana hapa ndipo mke wake anaponunulia vitu vyake. Alikuwa na furaha ya mtu asiyeamini kwamba miguu yake yote miwili ipo. Alisema barua za kikosi chao zilikuwa zikitembea nyuma yao miezi mitano hawazipati, hajapata hata moja. Alifungua begi akanionyesha: sabuni vipande sita, sukari, na kitenge cha bluu chenye maua.

"Cha mama hiki. Zita nimemletea viatu. Hivi, mama hajambo? Unawaona?"

Mara hii nilisema. Nilimwambia kila kitu nikiwa nimesimama, kuanzia Bwana Pancras na boksi, mpaka mkono wa mama yake juu ya mkono wangu, na siku aliyokufa. Mwanzoni alidhani ni utani. "Nife mimi?" akasema, akajipiga kifua. "Machi? Machi hata mafua nilikuwa nimeshapona!" Akamwangalia Shaban pale barazani ili acheke naye. Shaban alikuwa ameshatoa mguu kwenye pedeli.

Kicheko kikamtoka usoni kidogo kidogo. Alikikunja kitenge cha bluu, akakirudisha ndani ya begi.

"Gaspari hajui kusoma," akasema mwisho. "Yeye simlaumu."

"Hapana. Usimlaumu."

"Wewe ulimwona akivua kofia."

"Nilimwona."

"Na ulijua anachofikiri."

"Nilijua."

"Ungemwambia nini?"

"Ningemwambia, anaandika barua."

"Anaandika barua," akasema Ildefonce. "Maneno mawili."

Alifunga begi lake vizuri, mkanda mmoja kisha wa pili, akalitia begani, akatoka. Zilikuwa bado saa tatu nzima mpaka lori liondoke. Nilimwita angalau angoje kivulini, hakugeuka, akashika barabara ya Nyantakara kwa miguu.